Kabla ya Kupanda Mlima: Hesabu Saa za Kwenda na za Kurudi

Kosa linalowaponza wapandaji wengi ni kuhesabu saa za kwenda na kusahau za kurudi. Kanuni aliyoitoa William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, mwaka 1892 ingali inafaa: weka saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 itakuchukua takriban saa 3, bila mapumziko. Panga saa ya kugeuka, uifuate hata kama kilele kinaonekana, na umwachie mtu wa nyumbani ratiba yako.

Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya safari. Ukihisi kisigino kinawaka, simama papo hapo, vua soksi, kausha ngozi na ubandike plasta, kwani ukingoja hadi kituo kinachofuata utakuta lengelenge limekwisha kutunga maji.

Beba maji yasiyopungua nusu lita kwa kila saa ya mwendo, tochi, filimbi, na ramani ya karatasi, kwa kuwa simu ina desturi ya kuisha chaji pale inapohitajika zaidi. Ukipotea, tulia mahali pamoja, piga filimbi mara 6 ndani ya dakika 1, nyamaza dakika 1, kisha urudie. Ngurumo zikisikika, teremka kutoka kileleni, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.