Kuzamia Raja Ampat: Hesabu Siku Ukianzia Mwisho

Wengi wetu tukipanga safari ya kuzamia tunaanza na siku ya kwanza: ndege ya saa ngapi, tutafika lini, tutaingia majini lini. Anza na siku ya mwisho. Tazama tiketi ya kurudi, angalia ndege inaondoka saa ngapi kutoka Sorong, mji wa Indonesia unaopitia kwenda Raja Ampat, kisha rudi nyuma saa 18 kwa uchache. Hapo ndipo mbizi yako ya mwisho inapokomea. Ukiwa chini, mwili unanyonya naitrojeni kutoka kwenye hewa ya mtungi, na naitrojeni hiyo haitoki siku hiyo hiyo yote. Ukipanda ndege mapema mno, mgandamizo wa hewa unapungua, na naitrojeni inaanza kutoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo ni maumivu. Yakikaa kwenye uti wa mgongo mtu anaweza kupooza. Aliyezamia mara moja tu anashauriwa kusubiri saa 12, aliyezamia siku kadhaa mfululizo saa 18. Mimi naacha 24, nalala fofofo. Na usihesabu kuanzia ile ndege kubwa ya kimataifa. Hata ile ya ndani ya nchi ni ndege.

Raja Ampat ni visiwa vya Indonesia, kwenye ncha ya magharibi ya Papua. Jina lake maana yake ni Wafalme Wanne, na visiwa vikubwa ni Waigeo, Batanta, Salawati na Misool. Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Gerald Allen alihesabu aina 374 katika mbizi moja tu, kwenye rasi ya Kri. Ndiyo maana watu wako radhi kusafiri zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Dar es Salaam: kwanza Ghuba, halafu Jakarta, halafu Sorong, halafu feri ya kama saa mbili hadi Waisai, mji wa bandari kisiwani Waigeo. Weka siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Likizo ya siku kumi, ukitoa na ile siku ya kukaa nchi kavu kabla ya ndege, imebakiwa na tano za majini. Bora uijue hesabu hiyo kabla hujalipa malazi ya usiku tisa.

Msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili. Katikati ya mwaka kule nako upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, kama kusi yetu, na upande wa Misool unachafuka. Likizo yako ikiwa ni ya Julai peke yake, tafuta bahari nyingine.

Sasa wewe mwenyewe. Cheti cha kwanza cha uzamiaji kinakuruhusu mita 18, cha pili mita 30. Raja Ampat ni nchi ya mikondo: samaki wamejaa pale kwa sababu maji yanakimbia na kuwaletea chakula. Ndiyo maana wenye vituo vya kuzamia wanauliza umeshazamia mara ngapi na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama jibu ni “miaka mitatu iliyopita”, usiende kujikumbusha kule kwa siku zako tano za thamani. Nenda Mafia, Pemba, Watamu au Diani, popote palipo karibu nawe, uzamie wikiendi moja na mwalimu. Pemba inafaa zaidi kwa kazi hii, maana mkondo wake nao hauna mchezo: unashukia hapa, unaibukia kule, boti inakufuata. Jizoeze kupuliza lile boya refu la rangi ya chungwa, linaloionyesha boti ulipo, ukiwa bado mita tano chini, mkono mmoja kwenye boya, jicho kwenye kipimo cha kina. Mara yangu ya kwanza uzi ulinizunguka goti nikapanda nalo kama puto. Afadhali aibu hiyo niliipatia nyumbani.

Fomu ya afya ya kituo ijaze mapema, na uijaze kwa ukweli. Inauliza pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa masikio, ujauzito. Ukijibu “ndiyo” sehemu fulani, daktari lazima atie saini, na ukingoni mwa gati la kijijini hutampata daktari wa kukusainia. Muulize daktari huyo huyo dawa ya kujikinga na malaria, kwa kuwa Papua ina malaria, na mwambie wazi kwamba unaenda kuzamia: dawa nyingine zinaleta kizunguzungu. Kadi ya homa ya manjano usiiache, hasa ukitokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo.

Kuhusu mafua nitasema kwa ukali kidogo. Mita kumi tu za maji zinaongeza mgandamizo hadi kufikia mara mbili ya ule wa nchi kavu, na pua ikiziba sikio halisawaziki. Niliwahi kujilazimisha hivyo. Nilipofika mita nne sikio lilichoma kama sindano, nikakosa siku tatu zilizofuata. Ukiwa na mafua, kaa juu, kunywa chai.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi inaruka uzamiaji, au inauweka ukomo wa kina. Soma maandishi madogo. Tafuta inayolipia chemba ya mgandamizo, chumba cha kutibia yale mapovu ya naitrojeni, pamoja na usafiri wa kukufikisha huko, kwa sababu chemba haipo kila kisiwa. Kituo chako kiulizeni kabla ya kulipa: chemba ya karibu iko wapi, na oksijeni ya dharura ipo botini?

Mzigo upimwe nyumbani. Ndege za ndani mara nyingi zinakubali kilo 20, na regyuleta (kifaa cha kupumulia), jaketi la kuelea na mapezi vinakula nusu yake. Mimi napimia begi kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Miwani iliyozoea uso wako ichukue, na kompyuta ya kuzamia pia, ile ya mkononi inayofuatilia kina na muda. Jaketi na mapezi unaweza kukodi. Betri za tochi na pawabenki ziende kwenye begi la mkononi. Fedha taslimu za rupia zichukue Sorong kabla ya feri, pamoja na za kulipia kibali cha kuingia hifadhini.

Halafu zuia dole gumba lako. Huku kwetu ukilinyanyua unasema “safi”. Chini ya maji maana yake ni “tupande juu”, na kiongozi atakupandisha kweli, mbizi imeisha dakika ya kumi.

Saa yako unaweza kuiacha ilivyo. Sorong iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, kwa hiyo jua la asubuhi likiwa limetoka na boti inawashwa, simu iliyobaki na majira ya Dar inasoma 1:00. Saa moja asubuhi, kama bibi alivyotufundisha.