Niambie ni sekunde ya ngapi: namna ya kupeana maoni kwa nyimbo za kurekodi nyumbani

Ukimtumia mtu wimbo uliourekodi chumbani akakujibu "Moto sana dada!", mshukuru, lakini bado hujapata la kufanyia kazi. Akisema "Miksi haijakaa", yaani sauti na vyombo havijachanganywa vizuri, ni vilevile. Ila akikwambia, "Kwenye 1:12 sauti yako inazama chini ya kinanda, nimerudia na bado sijashika neno la mwisho la mstari," hapo una kazi ya jioni hii.

Mimi ni fundi cherehani Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Mchana nashona, usiku majirani wakishazima redio naimba mlemle kwenye chumba cha kushonea, kwa sababu vitenge vilivyotundikwa ukutani vinapunguza mwangwi kuliko chumba changu cha kulala chenye saruji tupu. Tuko watano tunaotumiana nyimbo. Kuna mpiga adungu (aina ya kinubi) wa Arua, mzee mmoja wa Kasese anayepiga gitaa la rumba, dada wa Busia anayecheza kinanda kanisani, na kijana wa Kisenyi, Kampala, anayechana mistari ya rap. Lugha zetu za nyumbani hazikutani popote, kwa hiyo tunaambizana kwa Kiswahili. Ninayoandika hapa yanawafaa watu wenye simu, maiki moja ya bei nafuu na mabati juu ya kichwa. Wenye studio wana watu wao wa kuwashauri.

Tuanze na mwenye wimbo, maana maoni mabovu mengi huletwa na maombi mabovu.

Sema wimbo uko hatua gani. Kama ni rasimu ya kutafuta melodi, waambie hivyo, usije ukajibiwa kuhusu kelele za boda kwenye rekodi ambayo utaifuta kesho. Kama ni miksi ya karibu na mwisho, sema pia, ili mtu asije akakushauri ubadilishe beti zima. Kisha uliza swali moja au mawili yenye mipaka. "Mnaonaje?" huleta vidole gumba. "Beti la pili linachosha?" au "Mnasikia maneno yote ya kiitikio bila kusoma?" huleta majibu. Maneno ya wimbo usiyatume kabla hawajasikiliza. Anayesoma huku anasikiliza atakwambia anasikia kila kitu, kumbe macho ndiyo yaliyomsikilizia.

Faili nayo. Tafadhali usichezeshe wimbo kwenye spika ukaurekodi kwa voisi noti. Voisi noti imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na ukiipa muziki unachujwa mpaka matoazi yanakuwa kama mchanga. Kwenye WhatsApp tuma wimbo kama hati, ufike ulivyo. MP3 ya kbps 320 inakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne haufiki hata MB 10. Wimbo huohuo ukiwa WAV, yaani faili lisilobanwa, ya biti 24 kwa 44.1 kHz unakaribia MB 64, na bando hatuokoti barabarani. Kwa maoni MP3 inatosha. WAV mpe yule atakayekumiksia.

Sasa wewe unayesikiliza.

Mara ya kwanza sikiliza wimbo wote bila kusimamisha na bila kushika kalamu. Ukijikuta umeanza kuwaza mambo ya sokoni, angalia ni dakika ya ngapi. Hilo peke yake ni maoni mazuri, na watu huliacha kwa sababu wanadhani si la kiufundi. Mara ya pili ndipo uandike dakika na sekunde.

Sema umesikilizia nini. Sisi tumekubaliana kila mtu aanze ujumbe wake na hilo: "spika ya simu", "hedifoni za waya", "redio kubwa ya kanisani". Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unatetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kispika cha simu hakina uwezo wa kuutoa mlio huo. Kwa hiyo mtu akisema "besi hakuna" na amesikilizia simu, usikimbilie kuipandisha, utamtoboa masikio mwenye redio. Besi ikihitajika isikike hata kwenye simu, ipe ukali kidogo wa juu, yaani ule mgwaruzo wa kidole kwenye uzi. Sikio likipata huo, ubongo hujazia kilichobaki.

Ukitaka kulinganisha na wimbo uliotoka studio, linganisha sauti kwanza. Nyimbo zilizokamilika husukumwa juu sana kwenye hatua ya mwisho, na chochote chenye sauti kubwa kidogo sikio hukiona bora hata kama ni kitu kilekile. Punguza ule wa studio mpaka ulingane na wa mwenzako, ndipo useme. Na chagua wimbo wa jamii moja. Kumpima mtu wa kadongo kamu, yeye na gitaa lake, kwa kipimo cha dansi ya klabu ni kumwonea.

Ujumbe wenyewe nauandika kwa mpangilio huu: mahali, ninachosikia, halafu sababu ninayobahatisha. Sababu inakuja mwisho na inakuja na "labda". Mteja wangu akisema nguo inambana kwapani, hajakosea, kwapani ndipo panapobana. Lakini mara nyingi mkasi hauendi kwapani, unaenda kwenye bega, au mgongo ndio umekatwa mwembamba. Msikilizaji naye ni mteja. Mahali na maumivu muamini, dawa uitafute mwenyewe.

Mfano ni huu. Mwenzetu wa Arua alileta wimbo wa adungu ya nyuzi tisa na sauti yake. Kijana wa Kisenyi akamwandikia: "0:48 mpaka 1:05, hedifoni. Nyuzi nene zinavuma, sauti yako inamezwa. Labda upandishe vokali," yaani sauti ya kuimba. Mahali palikuwa sahihi kabisa. Dawa ndiyo ingemharibia, maana vokali ikipanda pale, kiitikio kingepasuka. Tulipomuuliza aliweka wapi maiki, akajibu: mbele ya tundu la ngozi, karibu kiasi cha kugusa. Maiki inayosikia upande mmoja ukiisogeza karibu sana na chombo huongeza besi yenyewe, na adungu kwenye tundu tayari ina mvumo wa kutosha. Akaivuta nyuma kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, akaielekeza kwenye nyuzi badala ya tundu, akarekodi upya. Kwenye miksi akapunguza kidogo milio ya karibu na hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde. Vokali hakuigusa, na sasa inasikika.

Yako matatizo machache yanayojirudia karibu kwa kila anayerekodi nyumbani, na ukiyajua utabahatisha vizuri zaidi.

Kubwa kuliko yote ni kuchelewa. Mwimbaji yuko nyuma ya mdundo. Kabla hujamwambia akafanye mazoezi, sikiliza kama kuchelewa ni kwa kiasi kilekile wimbo mzima au kunakuja na kwenda. Kukija na kwenda, ni yeye. Kukiwa kulekule mwanzo hadi mwisho, muulize kama alivaa hedifoni za Bluetooth. Hizo huchelewesha sauti, pengine sehemu ya kumi ya sekunde, pengine zaidi. Yeye anaimba sawasawa na anachosikia, ila anachosikia kimeshachelewa. Hahitaji kuimba tena. Aishike traki ya vokali aivute kushoto mpaka silabi ya kwanza ikae juu ya ngoma, na safari ijayo atumie za waya. Nimeona watu wenye kipimo kizuri cha muziki wakiambiwa hawana muda kichwani kwa sababu ya kifaa. Inaudhi.

Sauti inayopasuka kwenye maneno makali tu maana yake aliingiza sauti kubwa mno wakati wa kurekodi. Hilo hakuna programu inayolitibu kwa kuridhisha, na mwenzako aambiwe mapema asipoteze usiku mzima akihangaika. Aimbe pale penye nguvu kuliko pote kama jaribio, apunguze mpaka mita ya sauti isivuke desibeli -6 hivi, kisha arekodi. Pumzi inayogonga kwenye "p" na "b" inatibika kwa kuisogeza maiki pembeni kidogo ya mdomo. Mwangwi wa chumba kitupu: apige kofi moja pale anapoimbia, na akisikia mlio unarudi kama chemchemi ya bati, atundike blanketi nyuma yake, kwa maana maiki inayomtazama yeye inatazama pia ukuta ulio nyuma yake. Mvua juu ya mabati haina dawa. Subiri iishe.

Kupotoka kwa sauti nako kuna hila zake, hasa kwa vyombo vyetu. Programu ya kunyoosha sauti inapima kwa kinanda cha kizungu. Amadinda za Buganda, zile marimba za mbao, zina sauti tano katika oktavo, zimegawanywa karibu sawa kwa sawa, na hazilingani na vitufe vya kinanda hata ukifanyaje. Ukimwambia mpigaji "noti ya tatu imepotoka" umemwambia aache kupiga amadinda. Uliza kwanza: ulikusudia chombo kifuate kinanda, au kinanda kikae kimya? Dada wa Busia alikuwa akiongeza kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, juu ya kila alichotumiwa. Siku hizi anauliza kwanza.

Hapo ndipo lilipotufika suala la mzee wa Kasese. Gitaa lake peke yake lilikuwa tamu, kila uzi unakubaliana na mwenzake. Dada alipoweka kinanda juu yake, meno yanauma. Nani amwambie? Mtu aliyeanza kupiga rumba kabla sisi hatujazaliwa huwezi kumwandikia kwenye kundi kwamba gitaa lake limepotoka. Na lisingekuwa kweli, kwa sababu anatuni kwa sikio, uzi kwa uzi, bila kuanzia kwenye noti A ya hezi 440 ambayo kinanda kimefungwa nayo. Nilimwandikia pembeni:

"Mzee, habari za Kasese. Gitaa la juzi limenikaa moyoni, hasa pale 2:20 unaposhuka peke yako. Nilitaka kukuuliza, ulilituni kwa kufuata nini? Tulipoweka kinanda tumeona kinanda kiko juu kidogo ya gitaa, na hatujui tumshushe dada au utapenda kutuni upya."

Akajibu kwamba kinanda ndicho kishushwe, na vinanda vingi vya umeme vina sehemu ya kufanya hivyo. Jambo likaisha. Kwa mkubwa anza na swali, tena mwandikie pembeni. Kwa kijana wa Kisenyi naandika hadharani bila sukari, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba.

Lugha pia ni maoni. Wengi wetu Uganda tunaimba Kiswahili tulichokiokota sokoni, kambini au mpakani, na "r" na "l" zinabadilishana viti. Mimi naitaja pale tu msikilizaji atakapoelewa neno lingine. Isipopoteza maana, ni lafudhi ya mtu na ina utamu wake. Najua wapo watakaonipinga, hasa walimu.

Unapopokea maoni, usijibu papo hapo. Sema "nimepokea, asante" na uende ukalale. Ukianza kueleza kwa nini pale pako hivyo, wenzako watajifunza kukaa kimya. Kesho yake weka dakika zote pamoja. Watu wawili waliosikilizia vifaa tofauti wakitaja sekunde ileile, pana tatizo hata kama wametaja sababu zinazogombana. Mtu mmoja akitaka ngoma ziongezwe na mwingine anataka zipunguzwe, hiyo ni ladha, amua wewe. Ukitengeneza, taja umetengeneza nini: "Nimevuta vokali, nimepunguza kinanda kwenye 1:12." Usiwarudishie wimbo mzima wakatafute tofauti kama wapelelezi. Na jina la faili liwe na namba, v1, v2, v3, kwa sababu "final", "final mpya" na "final kabisa" zimeshatuponza.

Tunayo sheria moja tu ya kundi: anayeleta wimbo awe ametoa maoni kwa nyimbo mbili za wengine kwanza. Bila hiyo utakuta mmoja analeta nyimbo kama magunia na hasikilizi za mtu.

Jambo la mwisho ni la hela, hata kama hela bado hazijaonekana. Maoni yakivuka mpaka yakawa mchango, kwa mfano mtu amekuimbia melodi mpya ya kiitikio nawe ukaichukua, mwandikie palepale kwenye kundi: "Melodi ya kiitikio ni yako, wimbo ni wetu wawili." Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kazi huandikishwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, lakini siku ya kubishana mtaanza na kuulizana nani alifanya nini na lini. Ushauri wa "punguza kinanda" haumpi mtu fungu. Mistari minne ya melodi inampa, na ni rahisi zaidi kukubaliana hilo wakati wimbo bado una wasikilizaji watano.