Kipima-hewa nyumbani Goma: kifungwe wapi, kiaminiwe lini

Nyumba yetu ya mbao iko upande wa Keshero, juu ya mawe ya volkano. Tunapika kwa makala, na mtoto wetu wa pili ana pumu. Mimi ni fundi umeme. Baada ya usiku mmoja wa kumkimbiza hospitalini, mbavu zikimchomoza kila akivuta pumzi, nilianza kufunga vipima-hewa: kwanza kwangu, kisha kwa majirani. Haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniita.

Hela ikiwa ndogo, anza na king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo hutoka kwenye mbabula, jiko letu la makala, hata makala yakishakuwa mekundu bila moshi. Haina rangi wala harufu, na huwakuta watu usingizini. Chukua kinacholia chenyewe kwa betri yake, kwa sababu kile cha kutuma tu ujumbe kwenye simu kitanyamaza umeme ukikatika. Tafuta maandishi EN 50291: kiwango hicho kinataka kilie ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni. Uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo kitundike chumba cha kulala, usawa wa pua ya aliyelala. Kikilia, toa watu nje kwanza. Mbabula itafuata. Na tafadhali, mama na baba, king'ora si ruhusa ya kulala na mbabula ndani siku ya baridi.

Gesi ya pili tunaijua kwa jina letu wenyewe: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Ndiyo maana mbuzi na watoto wadogo huanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama. Basi kipimo chake kiweke chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, si juu ya kabati karibu na televisheni.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kipimo changu cha kwanza kiliandikwa eCO2; CO2 ndiyo kaboni dioksidi. Mke wangu alipokaanga vitunguu kikaruka hadi sehemu 2,000 kwa milioni, na nyumbani tulikuwa wawili tu, madirisha wazi. Kumbe vifaa vya namna hiyo hunusa harufu na mivuke, halafu hukisia kiasi cha kaboni dioksidi. Taka kinachopima kwa mwanga wa infraredi, kilichoandikwa NDIR. Ukikifungua, ingia kwenye programu yake uandike mwinuko: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo kisichojua hilo husoma pungufu.

Kisha zima kujisawazisha kwenyewe. Vifaa vingi hudhani kwamba hewa safi kuliko zote viliyoipata kwa siku kadhaa ni hewa ya nje, kama 400, na hujirekebisha hapo. Chumba kinachopenyezwa gesi kutoka chini hakifiki 400 kamwe, kwa hiyo kifaa kitajifunza kuita hewa mbaya safi. Mimi hukitoa nje mchana wenye upepo, mahali palipoinuka, na kukisawazisha kwa mkono. Vingi havisomi zaidi ya 5,000. Namba ikikwama hapo, tokeni nje. Na usikiteremshe shimoni ukiwa umekishika: kuna walioingia shimoni kumwokoa mwenzao na hawakutoka.

Kipimo hichohicho husaidia kwa maradhi ya kuambukizana. Watu sita wamelala chumba kimoja, dirisha limefungwa, namba imepita 1,000: mnavuta pumzi ya wenzenu, na kifua kikuu na mafua husafiri humo. Kifaa hakioni vijidudu. Kinakuonyesha tu kwamba dirisha linataka kufunguliwa.

Moshi hupimwa kama PM2.5, yaani chembe ndogo sana zinazoelea hewani. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Jioni moja ya mvua, maharage motoni na mlango umefungwa, kwetu nilisoma 610. Tulihamisha mbabula barazani chini ya bati, na kabla maharage hayajaiva ilikuwa 38. Hakuna kifaa kilichotusaidia kuliko kutembea hatua nne tu kuhamisha jiko.

Jikoni nimefunga feni ya kutoa hewa kwenye soketi janja, inayowasha na kuzima yenyewe kwa amri ya kipimo: PM2.5 ikipita 50 inawaka, ikishuka chini ya 20 inazima. Chagua soketi inayotii amri ndani ya nyumba bila intaneti. Ila fungua dirisha la upande wa pili kabla feni haijawaka. Nyumba iliyofungwa, feni ikivuta, hewa itaingia kupitia nyufa za sakafu, na upande wetu sakafu ndiyo mlango wa mazuku. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA hunasa moshi. Kaboni monoksidi na mazuku hupita tu.

Vumbi letu jeusi huziba tundu la kipimo cha moshi, kwa hiyo kila wiki mbili mimi hulisafisha kwa brashi laini ya rangi. King'ora nacho huisha muda. Tarehe imechapishwa mgongoni; yetu nimeiandika kwa kalamu nene mlangoni, mahali kila mtu anapopita.