Kabla hamjatoka Goma kwenda kuona mifupa ya Oldupai

Kiangazi kikikaribia walimu wenzangu huanza kuniuliza, na siku hizi hata vijana wa parokia: safari ya Oldupai, lile bonde la mifupa ya kale huko Tanzania, inaandaliwaje? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa, halafu mjadili pesa zenu wenyewe.

Karatasi kwanza. Kadi ya CEPGL, jumuiya yetu na Rwanda na Burundi, inayowavusha kila siku kwenda Gisenyi inaishia Rwanda na Burundi. Tanzania ni pasipoti. Habari za viza kaulizeni ubalozini, si kwa dereva wa basi. Watoto wabebe ruhusa ya wazazi yenye muhuri, na fotokopi zikae kwenye begi la mtu mwingine, maana begi likipotea linapotea na vyote. Karte jone nayo, yaani kadi ya manjano ya chanjo: chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Alhamisi amechomwa bure kwa safari hiyo. Aliyechanjwa zamani asitishwe na mtu mpakani kwamba miaka 10 imepita, kwa sababu tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Ulizeni bariere ya mpakani inafungwa saa ngapi wiki hiyo hiyo mnayosafiri, si mwezi uliopita. Na mkivuka Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania, saa inasogea mbele kwa saa nzima. Wengi husahau, halafu hushangaa geti la hifadhi limefungwa wakati simu zao bado zinasema kuna muda.

Pesa. Sisi tumezoea kutembea na dola mfukoni, tukibishana tu kama noti ina kidoa au kona imechanika. Oldupai iko ndani ya eneo la Ngorongoro, na malipo ya kuingia kule hupita kwa namba ya malipo ya benki au kwa kadi. Noti zako safi za dola 100 hazitakusaidia getini. Malizeni malipo mapema, na mjue kwamba kibali ni cha saa 24 tangu mlipoingia. Anayewapitisha Serengeti atawalipisha na ya Serengeti vilevile. Aseme hivyo kabla hamjakubaliana bei, na muulize pia Mkongomani analipa kiwango kipi.

Sweta. Najua ni safari ya kwenda kwenye jua na vumbi, lakini barabara inapita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,000. Goma kwenyewe ni kama mita 1,500, na mnajua Julai tunavyojikunyata asubuhi. Kule ni zaidi. Halafu mkiteremka bondeni ni joto, upepo na vumbi la kuingia kila mahali, basi kofia, maji ya kutosha na viatu vilivyofungwa. Masika, Machi hadi Mei, msiende. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo timu za wachimbaji hurudi mara nyingi, na mkiwa na bahati mtakuta watu wamepiga magoti na brashi mkononi.

Sasa jambo la watoto. Waambieni mapema kwamba hakuna dinosaria Oldupai. Dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, na tabaka za chini za bonde hili zina kama miaka milioni 2 tu. Mwenye hamu ya dinosaria atasikia habari za Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Lakini yule mkubwa wao, Giraffatitan, amesimama Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lindi kimebaki kilima.

Walioishi Oldupai si haba. Kulikuwa na Deinotherium, jamaa ya tembo ambaye pembe zake zilitoka taya la chini zikakunja kwenda chini. Kulikuwa na Pelorovis, jamaa ya ng'ombe na nyati, mwenye pembe za kutisha, na Sivatherium, ambaye ni ukoo wa twiga ila shingo yake fupi. Kiboko wa huko, Hippopotamus gorgops, macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya viboko tunaowajua Virunga. Mwombeni mwongozaji aanze na hawa, maana akianza na mafuvu ya watu vijana watakuwa wamechoka kabla ya wanyama kufika.

Jiandaeni pia kwamba mengi hayapo pale yalipopatikana. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu aliyepatikana Oldupai, liko makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli, nyayo za watu wa kale si mbali na Oldupai, zenye miaka milioni 3.66, zilifukiwa tena miaka ya 1990 zisiharibiwe na mizizi na mvua. Mtakachoona ni nakala, katika makumbusho mapya yaliyofunguliwa 2017. Nilimsikia mzee mmoja akilalamika kwamba amekuja mbali kote huku kuona plasta. Mzee wangu, mfupa wa Ishango, ule wa kale wenye alama zilizochanjwa, ulitoka kwetu kabisa, kando ya Semliki, 1950, na leo uko Bruxelles. Angalau hawa wameuacha wao nchini.

Kubwa kuliko yote ni hili: msiokote kitu. Najua mtasema hilo linajulikana. Halijulikani, hasa kwetu. Goma jiwe halina mwenyewe. Tumejenga nyua kwa lava, watoto wanarushiana lava, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zinabeba lava toka asubuhi. Kijana aliyekulia mtaa wetu wa Ndosho hawezi kuinama, akachukua kipande cha jiwe, akahisi ameiba.

Katika kundi moja nililosafiri nalo kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpole, anayependa jiolojia kweli. Tulipoteremshwa bondeni alikaa nyuma kidogo. Wakati wa chakula akawaonyesha wenzake kitu chenye urefu wa kidole, cheusi, chenye mikunjo. Mfanyakazi wa pale alikuwa akipita na birika la chai. Akasimama. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Kijana, hiki umekitoa wapi?"

Hapo ndipo mchana wetu ulipoishia. Kijana alisema kichakani. Kichaka kipi? Tukarudishwa bondeni naye juani, akaonyesha kimoja, akabadili, akaonyesha kingine, mwisho akaanza kulia. Kiongozi wetu aliandika maelezo, akaandika tena. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale ya 1964, na kuondoka na kitu kama kile bila kibali ni kosa, hata kama ni zawadi kwa mwalimu wako wa sayansi. Walituachia kwa sababu alikuwa mwanafunzi na kitu hakijatoka geti. Saa za kibali chetu zilikuwa zinakwenda, na kreta tuliyokuwa tumeiwekea pesa tuliiona kwa juu tu, kupitia kioo cha gari.

Kilikuwa jino la nguruwe. Vijana walicheka: nguruwe! Mwongozaji akawaketisha. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika sana kizazi hata kizazi, kwa hiyo jino moja likiwa mahali pake husaidia kukadiria umri wa tabaka zima na vyote vilivyolala humo. Pale palikuwa na ziwa, wanyama wakija kunywa, wengine wakifa kando. Majivu ya volkano yakafunika, tope likafunika, majivu tena. Sisi tuliowahi kukwangua majivu ya Nyamulagira kwenye mabati tunaelewa haraka. Ndani ya majivu yale kuna potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi ya argoni, na kwa kuipima, mwaka 1961, Zinjanthropus akapewa umri wa miaka milioni 1.75. Lakini hesabu hiyo ni ya tabaka. Jino lililotolewa mfukoni halina tabaka. "Sasa hili ni jino tu," mwongozaji alisema, akalitia kwenye bahasha.

Akaongeza jambo lililonyamazisha hata wacheshi. Zinjanthropus mwenyewe hakuchimbwa kwa sururu. Julai 17, 1959, mtafiti Louis Leakey alikuwa mgonjwa kambini, mkewe Mary akatoka kutembea, akaona kipande cha mfupa kimechungulia kwenye mteremko ambao mvua zilikuwa zimeukwangua. Kipande tu, juu ya ardhi, cha kuokotwa na yeyote.

Kwa hiyo agizo hili litolewe Goma, darasani, mbele ya wazazi, si bondeni ambako upepo unakula maneno. Ukiona kitu, kiache kilipo, weka kalamu kando yake, piga picha, mwite mwongozaji. Kabla ya kupanda gari mifuko yote ipinduliwe nje, ya walimu pia. Usione haya.

Mengineyo: msishuke bondeni bila mwongozaji, kuna nyoka na kuna wanyama, eneo lile halina uzio. Msiwapige Wamasai picha kabla ya kuomba, na mkikubaliana bei msiibadilishe baadaye. Betri za simu. Dawa za tumbo. Mtu mmoja Goma awe na orodha ya majina na namba ya gari. Dereva asiendeshe usiku, hata akiapa kwa mama yake. Na stakabadhi za getini msizifungie karanga, kwa maana wakati wa kutoka zinakaguliwa tena.