SOMO: Unahamia mabonde ya Mufindi, mkoani Iringa? Soma kabla hujalipia kiwanja

Kamwene wakuu. Nilitoka Mbagala na mashati ya mikono mifupi, kwa hiyo haya nimejifunza kwa kutetemeka.

Hatua ya 1. Njoo kutazama wakati mbaya. Wengi huja Septemba: barabara kavu, pikipiki inafika hadi mlangoni. Njoo Februari. Mvua huku ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei. Sahau vuli na masika za Pwani. Udongo mwekundu ukilowa, Noah inaishia barabara kubwa, unamalizia kwa miguu na mabuti.

Hatua ya 2. Beba barua ya utambulisho kutoka mtaani kwako, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ndipo uende kwa mtendaji wa kijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na maombi yako yanapita halmashauri ya kijiji. Mimi nililipa kwa karatasi iliyoandikiwa kilabuni. Msimu ulipofika nikakuta shangazi wa muuzaji anapalilia "kwangu". Alikuwa na haki.

Hatua ya 3. Usijenge chini bondeni, hata kama panapendeza. Usiku usio na mawingu hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama chini kama maji. Juni na Julai unaweza kuamka ukakuta majani meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Mwaka mmoja viazi vya jirani yangu wa chini viliungua vyeusi tii. Vya mteremkoni, mwendo wa dakika tano tu, havikuguswa. Tena huko chini ndiko kwenye vinyungu, bustani za kiangazi zinazotegemea unyevu wa bonde. Ukimwaga msingi hapo umekalia mboga za watu. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Hatua ya 4. Jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani. Hewa yake haina harufu, na inaua. Ota moto, kisha toa jiko nje, ujifunike.

MASWALI

Dada wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Nikipanda mahindi Desemba, Machi nitavuna?
— Marahaba. Machi utachoma mabichi ukibahatika. Baridi huyachelewesha; mbegu za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita, hata saba. Na maharage loweka tangu jana yake, maana huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo huchelewa kuiva.

Mdau wa Morogoro: Wenyeji wanampokeaje mgeni?
— Watakuangalia msibani. Nenda mapema, shika jembe au beba kuni. Ukikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, uliza kwanza: mtogwa ni mtamu, mkangafu ni mkali, utakulaza njiani.

Mdau wa Dodoma: Naweza kupanda milingoti (mikaratusi) bondeni, niuze nguzo?
— Kaka, miti ile inakunywa maji kuliko ng'ombe. Panda mlimani, na fyeka njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi.

Dada wa Kigamboni: Mablanketi mangapi sasa?
— Njoo na mawili mazito. La tatu utalinunua Mafinga kwenye mitumba wiki ya kwanza, kama sisi wote.