Kubandika GFP kwenye utando bandia: anza na jeni

Wengi wakitaka kuona utando ukimeremeta hukimbilia hadubini. Kazi kubwa iko kwenye jeni.

Hatua ya 1. GFP, protini ya kijani iliyotoka kwa konyeza Aequorea victoria, hupenda kushikana mbili mbili. Ikiwa imetawanyika majini huoni shida. Ikisongamana juu ya utando, hushikana, nawe utaona madoa ukadhani lipidi, yaani mafuta yanayounda utando, zimejitenga. Dawa imejulikana tangu 2002: kwenye jeni, badilisha asidi amino ya 206 ya GFP, weka lisini badala ya alanini. Chaji chanya husukumana, kila molekuli ikabaki peke yake, na mwanga haupungui. Tafadhali usiiruke hatua hii, hata kama GFP ya plazimidi (duara la DNA lenye jeni) uliyopewa tayari inang'aa vizuri.

Hatua ya 2. Ongeza mkia wa histidini 10, ndio utakaoshika nikeli iliyo kwenye utando. Zile 6 za kawaida huachia upesi. Kati ya mkia na protini tia glisini na serini chache. Zalisha kwenye bakteria E. koli, safisha kwa nikeli, kisha ondoa yote imidazoli, kemikali inayobandua protini kwenye nikeli, maana ikibaki protini haitashika.

Hatua ya 3. Yeyusha majini PVA (polivinili alkoholi, polima ya kutandaza chini ya lipidi) asilimia 5. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na PVA hutaka karibu 90, kwa hiyo funika chupa, iache kwenye maji yanayokaribia kuchemka, ukoroge hadi mabuje yaishe. Tandaza kwenye kioo, kausha, pakaza DOPC, lipidi ya kutengenezea utando, iliyoyeyushwa kwenye klorofomu pamoja na asilimia 3 ya lipidi iliyobeba nikeli, vuta klorofomu kwa vakyumu, mimina sukrosi milimola 300. Baridi ya Julai isikutie wasiwasi: DOPC hubaki laini hata chini ya sifuri. Baada ya saa moja lipidi zitakuwa zimevimba kuwa vifuko vya utando; vihamishie kwenye bafa (myeyusho unaotuliza pH) ya glukosi yenye osmolariti ileile, yaani wingi uleule wa chembe zilizoyeyuka, vitazama vyenyewe. Kioo cha kutazamia kipakwe BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kwanza, la sivyo vitapasuka.

Hatua ya 4. Tia protini nanomola 100, subiri dakika 15, angalia kwa leza ya nanomita 488. Utaona pete za kijani.

Hatua ya 5. Pete pekee si ushahidi. Ongeza EDTA, kemikali inayonyakua nikeli, milimola 10, iliyorekebishwa hadi pH 7.4, maana kwenye asidi GFP hufifia, ukadhani imebanduka. Pete ikipotea na maji ya nje yakang'aa zaidi, nikeli ndiyo iliyokuwa imeshika. Ikibaki, protini imenata kwa chaji: ongeza chumvi kwenye bafa, punguza glukosi kwa kiasi kinacholingana, rudia.