Harusi imepangwa, anga haijaulizwa: mambo ya kuzingatia kabla ya siku kubwa ya familia

Tarehe ya harusi huchaguliwa kwa kuangalia mengi: likizo za ndugu, nafasi ya ukumbi, fedha zitapatikana lini. Anga haiulizwi. Ubaya ni kwamba anga ina kalenda mbili, na wengi wetu tunazichanganya. Kalenda ya kwanza ni ya kupatwa kwa jua na mwezi, vimondo na mwezi mpevu. Hiyo imeshahesabiwa miaka mingi mbele, na kupatwa kwa jua hujulikana hadi dakika. Ya pili ni ya mvua, radi na upepo, nayo haisomeki vizuri mpaka siku chache kabla. Maandalizi mazuri yanaanza kwa kujua unasoma kalenda ipi.

Tuanze na hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu. Utabiri wa siku kumi mbele usikupe furaha wala presha. Kwa umbali huo kubahatisha bado ni kwingi. Ukifika siku tano kabla, utabiri umeanza kuaminika. Siku tatu kabla ndipo pa kuamua kama hema litafungwa au shughuli itahamia ndani. Asubuhi ya siku yenyewe unaangalia tena, safari hii ukifuatilia saa kwa saa. Na ukisoma "uwezekano wa mvua asilimia 30", usidhani umeambiwa mvua itakuwa ndogo. Maana yake ni kwamba katika siku kumi za namna hiyo, tatu hivi zitanyesha, na mojawapo inaweza kuwa gharika.

Jambo ninaloliweka mbele ya hema, viti na jenereta ni hili: nani atasimamisha shughuli? Jina lake lijulikane kabla. Kwenye mahafali moja ya familia yetu ngurumo ilianza katikati ya hotuba. Kila mtu alisikia, kila mtu akamtazama mwenzake. Mjomba mmoja akasema, "Inapita tu hiyo." Haikupita. Hakuna aliyeumia, ila niliona watu wazima, wenye akili zao, wakibaki chini ya miti kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeharibu sherehe. Baba wa bibi harusi asipewe kazi hii, wala bibi harusi mwenyewe. Mpe mtu asiye na hotuba, asiyeona haya, na mkubaliane naye pamoja na mshereheshaji juu ya sentensi moja itakayotamkwa kwenye kipaza sauti: tunaingia ndani sasa, tutaendelea baada ya nusu saa. Sentensi ikiwa tayari, haigeuki ubishi.

Kwa nini nusu saa? Kanuni ya radi ni nyepesi hata kwa mtoto. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na hapo ni kuingia ndani bila mjadala. Ukisikia ngurumo tu bila kuhesabu, ingia vilevile, kwa kuwa radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha. Kutoka nje ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

"Ndani" maana yake ni jengo lenye kuta, nyaya na mabomba, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Hema si ndani, hata likiwa la kifahari. Nguzo zake za chuma na uwazi wake havimkingi mtu na radi. Kibanda kilicho wazi pembeni nacho ni hivyo hivyo, na mti ni mbaya kuliko vyote. Kwa hiyo unapokagua uwanja wiki chache kabla, usiulize tu watakaa wangapi chini ya hema. Uliza wote hawa wataingia wapi kwa dakika tano, na mlango wa jengo hilo ufunguo wake anao nani. Bibi asiyeweza kukimbia akae upande wa mlango tangu mwanzo.

Upepo hautaki maelezo mengi: anayefunga hema aseme mapema linahimili upepo wa kiasi gani, na kamba zifungwe kwenye vigingi vya kweli au uzito wa kutosha, si kwenye miguu ya meza.

Mvua kubwa ina ajali zake barabarani, mara nyingi baada ya sherehe, watu wakiwa wamechoka na kiza kimeingia. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima; sentimita 30 husukuma gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale makubwa ya kujivunia. Kabla ya siku, jua ni wageni gani wanavuka mto au bonde, na uwaandalie pa kulala. Mgeni akikuambia "nitapita tu", ndiye hasa wa kunyang'anywa funguo.

Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka milango na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Jokofu lisilofunguliwa hutunza chakula kama saa nne. Simu zichajiwe usiku wa kuamkia, na vyeti vya ndoa viwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Sasa ile kalenda ya kwanza, tamu zaidi. Aprili 8, 2024, mamia ya wapenzi walifunga ndoa kwa pamoja huko Russellville, jimbo la Arkansas, Marekani, siku ya kupatwa kwa jua kikamilifu. Anayetaka kuiga anayo Agosti 2, 2027: kivuli cha mwezi kitapita kusini mwa Uhispania, Afrika Kaskazini, Saudia na Yemeni, na karibu na Luxor nchini Misri giza litadumu zaidi ya dakika sita. Lakini hesabu ya kivuli haina habari na mawingu. Panga siku ambayo itabaki nzuri hata jua lisipoonekana kabisa.

Miwani maalumu ya kutazamia jua ndiyo ya kununua miezi kabla, yenye kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, na idadi ilingane na waalikwa, watoto wakiwemo. Miwani ya kawaida ya jua haifai, hata iwe nyeusi vipi. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu, hivyo mtoto anaweza kuungua jicho huku anacheka, na tatizo likaonekana saa kadhaa baadaye. Usichungulie kwenye darubini au kamera ukiwa umevaa miwani hiyo. Vioo vya vyombo hivyo hukusanya mwanga na kuitoboa miwani. Kichujio cha jua kinakaa mbele ya lenzi ya chombo chenyewe. Miwani huvuliwa tu wakati jua limefunikwa lote, na anayekaa nje ya njia ya kivuli haivui hata mara moja. Kupatwa kwa mwezi hakuna masharti haya, tazameni kwa macho matupu mpaka mchoke.

Vimondo vinafaa sana kwa siku za kuzaliwa. Kuna mvua mbili za vimondo za kila mwaka: Perseids hufikia kilele usiku wa Agosti 12 kuamkia 13, Geminids Desemba 13 kuamkia 14. Yanayohitajika ni mkeka, nguo nzito na giza. Angalia mwezi kabla ya kualika, maana mwezi mpevu huvifuta vimondo hafifu vyote. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa, mnaanza upya.

Limebaki tukio lisilokubali tarehe: mtoto. Mwezi mpevu hauleti uchungu, na kupatwa kwa jua hakumdhuru aliye tumboni. Mama na avae miwani yake atazame kama wengine. Linalomhusu ni barabara. Wiki za mwisho zikiangukia msimu wa mvua, pitieni mapema njia mbili za kwenda hospitali, moja isiyovuka maji, na mumuulize mkunga ni dalili gani za kumfanya aondoke mapema kuliko kawaida. Tahadhari ya dhoruba ikitolewa, afadhali alale kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Begi liwe mlangoni, kadi ya kliniki ndani ya plastiki, gari limejazwa mafuta kabla tone la kwanza halijaanguka na limeegeshwa likitazama barabarani.